Haitoshi Kipini

Muuguzi Mbeyu haniiti kwa jina, aniita Sonara.
Mshipa ameupata mara ya pili,
mfuko ameutundika juu ya kichwa changu
akanambia: Leo yaingia platini.

Nikacheka, kifua kikanikata.
Miaka arubaini na mmoja nimekaa Kibokoni
na mvukuto, na tupa, na mizani ya kupimia punje,
platini sikuwahi kuishika.
Maharusi wa hapa wataka dhahabu ionekane toka barazani,
nyekundu, nzito, yenye kelele mkononi.
Sasa yapita ndani yangu, Makadara, wadi ya ghorofani,
tone,
tone,
na rangi yake ni maji matupu.

Nikamuuliza sindano ni ya madini gani.
Hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hilo.
Chuma cha pua, akasema. Alumini hairuhusiwi:
dawa ikiigusa huchafuka, hutoa weusi.
Najua, mwanangu. Madini yana chuki zao.
Hata dhahabu, ukiikutanisha na zebaki, huliwa.

Najua na lililonileta, ingawa daktari hataki kuapa.
Ami Mselem alinifunza lehemu ya fedha:
fedha, shaba, zinki,
na kidogo cha kijiti cha kijivu kilichotoka Bombay,
kilichoifanya ikimbilie ufa kama maziwa yaliyofurika.
Kwenye boksi kiliandikwa kadimiamu.
Sisi tulikiita laini.
Moshi wake wa hudhurungi ulikaa darini,
kwenye kanzu, kwenye kikombe cha kahawa.
Tulifunga dirisha upepo usiyumbishe moto.
Sigara sikuvuta. Tumbaku ya Ami niliikataa,
nikajiona nimesalimika.
Ami alikufa akikohoa. Tukasema ni pumu,
tukasoma hitima, tukala pilau,
tukarudi dukani.

Mke wangu aniletea maini, damu ipate kurudi.
Daktari amemkanya asininunulie vidonge vya chuma kwa kukisia:
uvimbe nao una kiu ya chuma,
mwili na mgeni wake wala sahani moja.
Mwanahalima akauliza, basi nimlishe nani, nani nimshindishe njaa?
Daktari akatazama karatasi zake.

Duru ya tatu, vidole vimelala.
Natia mkono mfukoni, sijui funguo, sijui sarafu.
Chai ina ladha ya msumari.
Masikioni mna fuawe, na anayeigonga
hajui kupumzisha nyundo.
Wazee walisema dawa ya moto ni moto.
Hawakusema ni nani atakayekuwa jiko.

Nimepiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki, mazoea hayafi.
Kila duru miligramu mia na thelathini,
na thuluthi yake si platini, ni vikorombwezo vya mkemia.
Duru nne zikitimia: thuluthi ya gramu,
labda na vumbi la tupa juu yake.
Haitoshi kipini.
Haitoshi hata kikonyo cha kipini.
Na hicho ndicho kilichotumwa kupigana
na moshi wa miaka arubaini.

Mbeyu ana tundu puani,
amelitia kijiti cha ufagio lisizibe.
Kipini chake kilianguka kwenye sinki la wadi hii hii.
Nimemwambia nitamfanyia kingine, cha fedha.
Akaviangalia vidole vyangu, akanyamaza, akabadilisha mfuko.

Atakifua binti yangu Saumu.
Kiti changu amekirithi, na koleo, na wateja wasiolipa.
Kile kijiti cha kijivu nimemwambia akifukie,
kisha nikakumbuka ardhi nayo ina mapafu,
nikamwambia akifungie kwenye kopo, tutauliza kwa kupeleka.
Na dirisha afungue.
Jana alinipigia simu kulalamika:
Baba, upepo waingia, moto wayumba,
lehemu yanikimbia.

Sikumsikia vizuri, fuawe ilikuwa ikilia.
Nikamwambia, na uyumbe.